Pangi: Mikopo ya umeme safi yasainiwa, jikoni bado ni makala

KINDU – Ukitoka Kindu kuelekea mashariki ukaingia wilaya ya Pangi, au teritware kama tunavyosema hapa Maniema, kitu utakachopishana nacho mara nyingi njiani si gari. Ni baiskeli. Tena haiendeshwi, inasukumwa, kwa sababu mzigo uliofungwa juu yake umempita mwenyewe kwa urefu: magunia ya makala yaliyopangwa moja juu ya jingine, midomo yake imezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anisamehe. Kwetu makala si maandishi ya gazeti tu. Makala ni mkaa.

Magunia hayo yanakwenda kupikia sombe na bugali mjini. Vijijini Pangi kwenyewe watu wengi wanapikia kuni, kwa kuwa kuni ziko mlangoni. Makala ni ya mji: Kindu, Kalima, mahali ambapo mtu hana shamba la kuokota kuni na hawezi kuvumilia moshi ndani ya nyumba ya kupanga. Kadiri mji unavyokua, ndivyo baiskeli zinavyoongezeka, na ndivyo wachomaji wanavyosogea mbali zaidi na barabara kutafuta miti. Tanuri ni la udongo, la kienyeji. Linahitaji kilo 5 hadi 10 za mti kutoa kilo 1 ya makala. Iliyobaki yote inakwenda hewani.

Sasa tazama chini ya miguu ya huyo msukuma baiskeli. Ardhi ya Pangi ina kasiterite, jiwe linalotoa bati. Bati ndilo kiungo kikubwa cha lehemu, ile inayoshikanisha nyaya ndani ya simu, ndani ya kompyuta, na ndani ya paneli za umeme wa jua. Dunia inayotaka kuacha mafuta na makaa ya mawe inalihitaji. Kampuni ya Symétain, iliyoundwa mwaka 1932 wakati wa Wabelgiji, ilichimba bati hilo na kuukuza mji wa Kalima kwa ajili yake. Ili mitambo izunguke, wachimbaji wa enzi hizo walijenga kituo cha umeme wa maji kwenye mto Lutshurukuru. Mwaka 1976 Symétain iliunganishwa na wenzake kuwa SOMINKI. Bei ya bati ikaanguka duniani mwaka 1985, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1997 migodi ikarithiwa na SAKIMA, ambayo leo ni kampuni ya serikali.

Kwa hiyo Pangi haikukosa umeme kwa sababu ya ugeni wa teknolojia. Umeme wa maji, ule unaoitwa leo umeme safi, ulifika hapa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ulifika kwa ajili ya jiwe. Jikoni haukuingia.

Nimeanza na baiskeli hiyo kwa sababu ya mabilioni ambayo benki za umma za maendeleo zinatangaza kila mwaka kwa ajili ya nishati na tabianchi: Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB), Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, pamoja na benki za serikali za China, India na Marekani. Wanapotoa mkopo wa umeme kwa Congo, hewa ya dunia inapata nini? Na gunia la makala linapungua?

Hesabu zao

Mwishoni mwa mwaka 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, Benki ya Dunia ilisema kuwa kufikia mwaka wake wa fedha wa 2025, asilimia 45 ya fedha inazotoa kila mwaka zitakuwa zinahusu tabianchi. Mwaka wa fedha wa 2024 ilikuwa tayari imefika asilimia 44. Ukichanganya benki zote kubwa za maendeleo za kimataifa, fedha zilizohesabiwa kuwa za tabianchi mwaka 2024 zilipita dola bilioni 130, na sehemu kubwa ilikwenda kwa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Hizo ni namba kubwa, na si za uongo. Lakini lazima uelewe zinavyohesabiwa. Mkopo unahesabiwa siku unapoidhinishwa, kulingana na kinachokusudiwa kujengwa. Bwawa la umeme ni la tabianchi, kiwanda cha makaa ya mawe sicho. Baada ya hapo, nyaya zinaishia wapi na nani anazima jiko gani, hilo ni jambo la ripoti nyingine, miaka mingi baadaye.

Congo nayo ina ahadi zake. Katika mpango iliouwasilisha Umoja wa Mataifa mwaka 2021, nchi ilisema itapunguza utoaji wa gesi joto kwa asilimia 21 ifikapo 2030. Ukisoma maandishi madogo, asilimia 2 tu ndizo ilizosema itatimiza kwa nguvu zake. Nyingine 19 zinasubiri msaada wa nje. Na gesi hizo zinatoka wapi? Si kwenye viwanda. Karibu umeme wote wa gridi ya Congo unatoka majini, na magari yetu ni machache kulingana na idadi ya watu. Sehemu kubwa inatoka msituni: miti inayokatwa na kuchomwa. Kwa miaka mingi Congo ilikuwa ya pili baada ya Brazil kwa kupoteza misitu ya asili ya kitropiki.

Tuseme ukweli wote: sababu ya kwanza ya kukatwa msitu ni mashamba ya kuhamahama, mtu anafyeka, analima misimu michache, anasonga. Makala na kuni zinafuata. Lakini viwili hivyo vinashikana mikono. Shamba jipya linapofyekwa njiani kuelekea mji wenye soko, miti yake haiozi. Inaingia tanurini, na fedha ya makala ndiyo inayomlipia mkulima siku za kufyeka.

Pale benki zinaposema hapana

Mjadala mkubwa duniani kuhusu benki hizi umekuwa juu ya kile zinachokataa. Kwa Afrika Mashariki mfano unaokumbukwa ni Lamu, pwani ya Kenya, ambako kulikuwa na mpango wa kiwanda cha makaa ya mawe cha zaidi ya megawati 1,000. Wakazi walikwenda mahakamani. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya ilifuta kibali cha mradi, na Novemba mwaka huohuo AfDB, iliyokuwa imefikiria kuudhamini, ikasema haitauweka fedha. Kiwanda hakikujengwa. Hapa unaona wazi kuwa hapana ya benki ya umma ina uzito, maana mkopeshaji binafsi hutazama kwanza kama benki ya umma imeingia.

Novemba 2021 mjini Glasgow, nchi 34 na taasisi 5 za fedha za umma ziliahidi kuacha kugharamia miradi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe nje ya mipaka yao kufikia mwisho wa 2022. Miezi miwili kabla, China ilikuwa imetangaza kuwa haitajenga tena viwanda vipya vya makaa ya mawe ng'ambo.

Ahadi hizo zimekuwa na matundu. Marekani ilikuwa miongoni mwa waliosaini Glasgow. Machi 2025 benki yake ya EXIM iliidhinisha upya mkopo wa karibu dola bilioni 4.7 kwa mradi wa gesi wa Cabo Delgado, Msumbiji, mradi ambao AfDB nayo ilikuwa imeukopesha dola milioni 400 mwaka 2019. Mwezi huohuo wa Machi 2025, kampuni ya bomba la mafuta ghafi la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga, ilitangaza kupata sehemu ya kwanza ya mikopo. Benki nyingi za kibiashara za Ulaya zilikuwa zimejitenga nalo hadharani, AfDB ikasema haimo. Ila Afreximbank, benki ya Kiafrika ya kugharamia biashara, ilikuwamo, pamoja na tawi la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu linalohudumia sekta binafsi.

Nayaeleza haya ili msomaji aone jinsi mjadala unavyokwenda: nani kasaini, nani kajitoa, nani karudi kwa mlango wa nyuma. Ni mjadala halali. Ila ukiupeleka Pangi unakosa pa kukaa. Hapa hakuna kiwanda cha makaa ya mawe cha kukataa wala bomba la kupinga. Hapana yao haitugusi. Kinachotuhusu ni ndiyo yao.

Ndiyo kubwa inaitwa Inga

Ndiyo kubwa kuliko zote nchini inaitwa Inga, kwenye maporomoko ya mto Congo huko Kongo Central. Inga 1, yenye megawati 351, ilianza kazi mwaka 1972. Inga 2, yenye megawati 1,424, ikafuata mwaka 1982. Pamoja nayo ulijengwa mstari wa umeme wa takriban kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, kwenye shaba ya Katanga, kwa mkopo ambao benki ya serikali ya Marekani, Eximbank, ilishiriki kuugharamia na kuudhamini.

Mstari ule unastahili kuelezwa, kwa sababu watu wengi wanadhani waya ukipita juu ya kijiji, kijiji kinaweza kuchota. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, wenye nguvu kubwa sana, uliochaguliwa kwa sababu haupotei sana njiani. Ili kuuchota katikati unahitaji kituo cha kubadilisha mkondo, na hicho ni ghali mno kwa kijiji au hata mji wa kawaida. Hivyo ulivuka nchi kutoka magharibi hadi kusini-mashariki ukiacha watu gizani chini yake. Deni, lakini, lilikuwa la taifa zima. Mzee wa Pangi ambaye hajawahi kuuona mstari huo alikuwa mdaiwa wake kama mtu wa Kinshasa.

Miaka 30 baadaye, mpango wa Inga 3 ulipofufuliwa, mgawo uliandikwa kwa namba. Machi 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 73.1 za maandalizi. Bwawa lingetoa megawati 4,800: megawati 2,500 ziende Afrika Kusini kwa mujibu wa mkataba wa 2013, megawati 1,300 kwa migodi ya Katanga, na karibu 1,000 kwa shirika la umeme la taifa, SNEL, kwa ajili ya Kinshasa hasa. Julai 2016 Benki ya Dunia ilisimamisha fedha zake na baadaye ikazifuta, ikisema serikali imeupeleka mradi katika mwelekeo mwingine.

Sasa imerudi. Juni 2025 iliidhinisha dola milioni 250, awamu ya kwanza ya programu ya dola bilioni 1 kuhusu Inga 3, bwawa ambalo sasa linatajwa kuwa na uwezo wa kuanzia megawati 2,000 hadi 11,000. Sehemu ya fedha za mwanzo ni za huduma kwa jamii zinazoishi kuzunguka Inga. Kutoka huko hadi Pangi, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1,300.

Kuna jambo hapa ambalo sijaliona likisemwa waziwazi. Ukiliuliza daftari la tabianchi megawati ya Inga iende wapi, litakujibu: Afrika Kusini. Kule zaidi ya theluthi mbili ya umeme unatoka kwenye makaa ya mawe, kwa hiyo kila megawati safi inayoingia inaweza kuzima megawati chafu, na tani za hewa ukaa zilizookolewa zinahesabika kwa karatasi moja. Megawati hiyohiyo ukiipeleka kwenye gridi ya Congo haizimi makaa ya mawe yoyote, kwa kuwa gridi yetu tayari ni ya maji. Ukiileta Kindu, inaokoa miti, pengine. Lazima uhesabu magunia, uhesabu majiko, usubiri miaka. Ni kazi ngumu, na alama zake ni chache.

Sisemi kuwa kuna mtu Washington anakaa na kupanga kuiacha Maniema. Nasema vipimo vyenyewe vinavuta upande mmoja. Anayeweza kulipa kwa dola na kuthibitisha tani alizopunguza ni mgodi au nchi jirani yenye viwanda. Mama wa Kalima analipa kwa franga, na tani zake ziko msituni.

Taa, simu, na sufuria

Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa mkutano wa nishati wa siku mbili, tarehe 27 na 28. Mpango uliokuwa mezani, unaoitwa Mission 300, ni wa Benki ya Dunia na AfDB: kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030. Congo ilikuwa moja ya nchi 12 zilizowasilisha mikataba yao, ikiahidi kupandisha idadi ya wenye umeme kutoka karibu mtu 1 kati ya 5 hadi zaidi ya nusu ya wananchi. Vijijini, takwimu ambazo Benki ya Dunia imekuwa ikizitoa kwa miaka zinaonyesha takriban mtu 1 kati ya 100.

Tarehe hiyohiyo ya 27, waasi wa M23 walitangaza kuiteka Goma. Nyaya za umeme mjini humo zilikuwa zimekatwa na mapigano, na maji yakakatika pamoja nazo. Wakongomani waliokuwa ukumbini Dar walikuwa na simu mkononi, nadhani, kama sisi tuliobaki nyumbani.

Mission 300 ina uzuri wake: haingoji Inga. Sehemu kubwa ya watu inaokusudia kuwafikia watapata umeme kwa njia ndogo, gridi za kijiji au paneli za jua za nyumba. Kwa Pangi hilo lina maana, maana nguzo za gridi ya taifa hazitafika leo wala kesho. Vibanda vya kuchajia simu vyenye paneli moja juu ya mabati tayari vinafanya biashara nzuri kila soko.

Lakini tazama kipimo tena. Nyumba ikipata paneli yenye taa tatu na sehemu ya kuchajia simu, inahesabiwa kuwa imepata umeme. Ni haki ihesabiwe. Mtoto anasoma usiku, mkunga anamwona mzazi, koroboi linazimwa. Ila jiko la umeme la kawaida linataka wati 1,000 au zaidi, na paneli ya aina hiyo haifiki hata sehemu ya kumi. Taa itawaka juu ya jiko la makala. Congo inaweza kufikia lengo lake la 2030, picha zikapigwa, na baiskeli zisipungue hata moja.

Hata waya wenyewe hautoshi. Kinshasa ina umeme wa Inga tangu zamani, na bado ni moja ya miji inayokula makala mengi kuliko yote Afrika ya Kati. Anayejua mji ule anajua sababu: umeme unakatika wakati wa kupika, sehemu nyingine unakuja usiku wa manane, na hakuna mama atakayeweka maharage kwenye jiko ambalo litazimika katikati. Anaweka gunia ndani kama akiba. Umeme usioaminika hauondoi makala. Unaongeza jiko la pili.

Benki zimeanza kuliona hili, kwa kuchelewa. Mei 2024 ulifanyika mkutano wa kwanza mkubwa kuhusu mapishi safi Afrika, mjini Paris, na ahadi za dola bilioni 2.2 zikatolewa na serikali na kampuni. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikuwa limekadiria kuwa Afrika inahitaji dola bilioni 4 kila mwaka hadi 2030, na kwamba karibu watu bilioni 1 barani wanapikia kuni, makala au mavi ya wanyama. Mkuu wa AfDB wakati huo, Akinwumi Adesina, aliahidi kuwa asilimia 20 ya mikopo ya nishati ya benki yake itakwenda kwenye mapishi safi, hadi dola bilioni 2 kwa miaka 10. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa Tanzania wa kufikisha mapishi safi kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034.

Asilimia 20. Kama ingekuwa kanuni ya benki zote, mjadala huu ungekuwa na sura nyingine.

Na hapa linakuja suala lenye ubishi: gesi ya mitungi. Mkakati wa Tanzania unaitegemea sana. Wakopeshaji wengine wa Ulaya wanaikwepa kwa sababu ni ya mafuta ya ardhini, na kanuni zao zinasema hapana. Kwa mtazamo wangu, kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kuzuia kiwanda cha makaa ya mawe haifai kutumika dhidi ya mtungi wa kilo 6 unaochukua nafasi ya miti ya msitu wa Congo. Ila nakubali pia kuwa mtungi hauna njia ya kufika Kalima kwa bei ya kulipika. Mizigo yetu inakuja kwa reli ya SNCC inayochechemea, kwa mtumbwi kwenye Lualaba, au kwa ndege.

Kinachopatikana Pangi bila kusafirishwa ni maji yanayoanguka.

Mabwawa madogo na karatasi nyingi

Mfano ulio karibu nasi uko Kivu Kaskazini. Matebe, kituo cha karibu megawati 13 cha Hifadhi ya Virunga, kilianza kazi mwisho wa mwaka 2015. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya msaada, hasa kutoka mfuko wa Howard G. Buffett, lakini mwaka 2017 taasisi ya umma ya Uingereza, iliyoitwa CDC wakati huo, ikaongeza mkopo wa dola milioni 9 kwa kampuni ya umeme ya hifadhi. Wazo lilikuwa lilelile tunalolizungumzia: wape watu wa Rutshuru na Goma umeme na kazi, wapunguze kuchoma miti ya hifadhi. Vita vimeutesa mradi huo kuliko hesabu yoyote ya benki. Hata hivyo ulionyesha kuwa taasisi ya umma ya maendeleo inaweza kukopesha kiasi kidogo, mashariki mwa Congo, kwa mteja asiye mgodi.

Udogo pekee si dawa. Katende, huko Kasai, lilipaswa kuwa bwawa la megawati 64 kwa ajili ya Kananga. Mwaka 2011 Exim Bank ya India ilitoa mkopo wa dola milioni 168. Kazi ilianza, ikasimama, ikasemwa itaanza tena, ikasimama tena. Kananga ikaendelea na giza lake.

Kwa nini benki hazipendi miradi ya ukubwa wa Lutshurukuru? Waulize, watakwambia kuhusu hatari na amani, na ni kweli. Lakini kuna sababu kavu zaidi. Tathmini ya mazingira, wanasheria, wahandisi washauri, safari za ukaguzi: gharama hizo hazipungui sana mradi unapokuwa mdogo. Kwa afisa anayepimwa kwa kiasi alichoidhinisha mwaka huu, mkopo mmoja wa milioni 250 ni rahisi kuliko 50 za milioni 5. Na mkopo ni wa dola. Mteja akilipa kwa franga na franga ikishuka, nani anabeba pengo? Mgodi unauza kwa dola, kwa hiyo swali halimsumbui. Kalima itauliza.

Njia ya kisheria ipo. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilivunja ukiritimba wa SNEL na kuyapa majimbo nafasi katika kutoa vibali na kusimamia umeme wa ndani. Wakala wa taifa wa umeme vijijini, ANSER, upo kwa kazi hiyo. Mkopo nafuu wa Benki ya Dunia unaweza kupitia kwa chombo kama hicho, ukakusanya mito 10 au 20 midogo katika kapu moja, karatasi zikafanyika mara moja. Si ubunifu wangu. Nchi nyingine zimekopeshwa hivyo kwa ajili ya gridi za vijiji.

Nyaraka za Inga 3 zitaendelea kutoka, awamu kwa awamu, na Benki ya Dunia huziweka wazi. Kuna ukurasa mmoja ndani yake ambao wabunge wa Maniema wangefanya vema kuutafuta kabla ya mingine yote: ule wa mgawo wa megawati. Mwaka 2014 ulikuwa na mistari mitatu, Afrika Kusini, migodi, na SNEL. Waulize safari hii mistari ni mingapi. Waulize pia kama katika dola bilioni 1 kuna hata fedha za kutazama upya mitambo na nyaya za umeme zilizojengwa kwa ajili ya bati, hapa Pangi, ambako maji hayajaacha kuanguka.